Nani Atazinunua? Mjadala wa Hisa za Wafanyakazi Kindu

Mpango wa wafanyakazi kununua hisa ni makubaliano ambayo kampuni humkata mfanyakazi, kwa ridhaa yake, sehemu ndogo ya mshahara kila mwezi, huitunza fedha hiyo kwa muda uliopangwa, kisha humpatia hisa za kampuni hiyohiyo, mara nyingi kwa bei iliyopunguzwa. Hapo kuna kazi mbili zisizoachana. Uhasibu huandika vitabuni kila fedha iliyoingia na kila ahadi iliyotolewa. Uendeshaji hujua nani ameingia, nani ametoka, nani ana hisa ngapi na atalipwa nini siku ya kuaga. Hisa za bure ni jambo jingine: mwenye kuzipokea hatoi kitu mfukoni, na kwa hiyo akizipoteza haumii sawasawa na aliyezichangia.

Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji uliokua mikononi mwa makampuni. Kampuni ya reli ya CFL ya Baron Empain iliundwa mwaka 1902 kuunganisha Kongo ya juu na Maziwa Makuu. Gati lake la Kindu likaitwa Port-Empain, meli zikashuka mto Lualaba hadi Ubundu, na reli ikapanda kusini hadi Kongolo. Wanahisa wa Ulaya walidhaminiwa na dola faida ya 4%. Waliobeba mataruma hawakuwa miongoni mwa wanahisa hao. Leo reli hiyo ni ya SNCC, shirika la umma lililogeuzwa kampuni ya kibiashara mwaka 2009 kufuatia sheria za mageuzi za 2008, na mwenye hisa ni dola. Upande wa madini, Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka angalau 10% ya mtaji wa kampuni ya uchimbaji ishikwe na watu binafsi wenye uraia wa Kongo, sharti linalogusa dhahabu ya Namoya na kasiteriti (madini ya bati) ya Kalima. Na benki mbili kubwa za nchi, EquityBCDC iliyoundwa mwaka 2020 na TMB iliyonunuliwa na KCB Desemba 2022, zina kampuni mama ambazo hisa zao huuzwa kila siku Nairobi. Kongo yenyewe haina soko la hisa, na upungufu huo ndio unaoufanya mjadala wa Kindu utofautiane na wa Nairobi.

Sauti nne zifuatazo zimetungwa ili zibebe hoja: kijana wa benki, mzee wa reli anayekaribia pensheni, mhasibu mwanamke wa kampuni binafsi, na mwanasheria.

Kijana wa benki ndiye anayeanza, naye anatetea. Kwa hoja yake, mfanyakazi wa mshahara hana njia nyingine ya kumiliki mali inayokua. Likelemba, mchango wa zamu, humrudishia alichotoa, bila nyongeza. Nyumba inataka fedha nyingi kwa mkupuo. Hisa hununuliwa kidogokidogo, na punguzo ni faida ya siku ya kwanza. Anatoa mfano wa mpango wa kawaida: punguzo la 15%, likipigwa kwenye bei iliyo ndogo kati ya bei ya siku ya kufungua kipindi na bei ya siku ya kukifunga. Mfanyakazi wa mshahara wa franka 600,000 anakatwa 5%, yaani 30,000 kwa mwezi. Baada ya miezi 6 amechanga 180,000. Hisa ilikuwa 10,000 mwanzoni na ni 12,000 mwishoni; bei yake ni 85% ya 10,000, yaani 8,500. Anapata hisa 21 kwa 178,500, na franka 1,500 zinabaki kwenye hesabu yake. Hisa hizo zina thamani ya 252,000. “Mzee, nani mwingine hapa mjini atakupa 73,500 juu ya 180,000 kwa nusu mwaka?”

Mzee wa reli habishi hesabu. Anauliza swali moja: “Kijana, hizo 252,000 nitazipokea kwenye dirisha gani?” Kwa mfanyakazi wa Nairobi dirisha lipo: wakala wa soko. Kwa mfanyakazi wa kampuni ya Maniema isiyouzwa sokoni, 12,000 ni namba tu hadi atokee mtu wa kuilipa. Kijana anajibu kwamba wenzake walio chini ya kampuni mama za Nairobi hawana shida hiyo. Jibu hilo ni la kweli nusu. Katika soko hilohilo la Nairobi, hisa za Kenya Airways ziliuzwa kwa umma mwaka 1996 na 3% zikatengwa kwa wafanyakazi kupitia mfuko wao. Mwaka 2017 madeni ya benki yaligeuzwa kuwa hisa na fungu la wafanyakazi likashuka hadi karibu 2.4%. Julai 2020 uuzaji wa hisa hizo ukasimamishwa, na haukurudi hadi Januari 2025. Kwa muda wa zaidi ya miaka minne, soko lilikuwepo na dirisha lilikuwa limefungwa.

Hapo mhasibu anaingia, kwa kuwa pande zote mbili zimezungumza kana kwamba punguzo halina mwenye kulilipa. Kila mwezi, anaeleza, mshahara mzima wa 600,000 huingia gharama za wafanyakazi, kundi la 66 katika mfumo wa hesabu wa SYSCOHADA. Makato ya 30,000 huhamishwa kutoka mshahara unaodaiwa, akaunti 422, kwenda akaunti 427 ya amana za wafanyakazi. Kosa la kawaida ni kuyachukulia makato hayo kama mtaji tangu mwezi wa kwanza. Sivyo. Hadi siku ya kununua, fedha hizo ni deni la kampuni kwa mfanyakazi. Akibadili nia, zinarudi kwake zote. Siku ya kununua, 178,500 zinatoka 427. Kama hisa ni mpya na thamani yake ya jina ni 4,000, basi 84,000 zinaingia mtaji, akaunti 101, na 94,500 zinaingia ziada ya utoaji hisa, akaunti 105. Zile 1,500 zinakaa 427 zikisubiri kipindi kijacho. Mhasibu anasisitiza hizo 1,500 kuliko namba nyingine yoyote: wakiwa wafanyakazi 200, masalio ya namna hiyo ni franka 300,000 zenye wenyewe, na mara nyingi ndizo zinazopotea.

Punguzo lenyewe huandikwaje? Kampuni inayotoa hesabu za kundi kwa viwango vya kimataifa hufuata IFRS 2, kiwango kilichotolewa mwaka 2004 na kuanza kutumika 2005. Hicho kinasema faida anayopewa mfanyakazi ni malipo ya kazi, na malipo ya kazi ni gharama, hata kama hakuna franka iliyotoka kwenye sanduku. Gharama hupimwa siku ya kutoa ahadi, haingoji siku ya kununua. Katika mfano wa kijana, kila hisa ina vipande viwili: punguzo la hakika la 1,500, na haki ya kununua kwa bei ya zamani hata bei ikipanda. Haki hiyo ikikadiriwa kuwa na thamani ya 800, mfanyakazi anapata 85% yake, yaani 680. Jumla ni 2,180 kwa hisa. Kwa hisa 21 ni 45,780, zinazogawanywa kwa miezi 6: 7,630 kila mwezi kwenye gharama, na upande wa pili kwenye mali ya wanahisa.

Kijana anashangaa: faida aliyoihesabu ni 73,500, mbona kitabu kinasema 45,780? Jibu la mhasibu ni kwamba kampuni haikutoa 73,500. Ilitoa nafasi, na nafasi ilikuwa na thamani ya 45,780 siku ilipotolewa. Kupanda kwa bei baada ya hapo ni bahati ya mwenye hisa, kama vile kushuka kungekuwa hasara yake. Wamarekani wana mlango wa kukwepa: sheria yao ya kodi, kifungu cha 423, inaruhusu punguzo hadi 15% na ununuzi wa hisa zenye thamani isiyozidi dola 25,000 kwa mwaka, lakini kanuni zao za uhasibu zinaacha kuhesabu gharama pale tu punguzo lisipozidi 5% na bei isipoangalia nyuma. IFRS 2 haina mlango huo. Punguzo la 5% nalo ni gharama.

Lipo jambo jingine ambalo Kindu lingetokea kila Septemba. Karo ya shule ya sekondari inafika, mfanyakazi anaomba makato yasimamishwe. Marekebisho ya IFRS 2 yaliyotolewa Januari 2008, ambayo kwa sehemu kubwa yalizaliwa na mipango ya akiba ya Uingereza, yanatofautisha watu wawili wanaoonekana sawa. Anayeacha kazi kabla ya kipindi kuisha hajatimiza sharti la kutumikia. Gharama yote iliyoandikwa kwa ajili yake inafutwa. Anayebaki kazini lakini akaacha kuchanga huhesabiwa kuwa ameuvunja mpango mwenyewe, na gharama iliyobaki inaandikwa yote papo hapo. Kama ameacha baada ya miezi 2, kampuni imeshaandika 15,260. Sasa inaandika 30,520 kwa mpigo, kwa ajili ya hisa ambazo hazitatolewa kamwe. Mzee wa reli anaona hilo ni upuuzi wa wasomi. Mhasibu anakubali kwamba linachekesha kidogo, na kwamba ni kanuni, na kwamba ndiyo sababu msimamizi wa mpango asiandike tu “ametoka” kwenye orodha. Aandike ametoka kazini au ametoka kwenye makato. Neno moja likikosewa kwenye orodha hiyo, gharama inafutwa mahali ilipopaswa kuongezwa.

Swali la mzee bado halijajibiwa, na kijana analirudia kwa suluhisho: kampuni yenyewe iahidi kununua hisa za kila anayeondoka. Hapa mwanasheria na mhasibu wanazungumza karibu pamoja, kila mmoja kwa sababu yake.

Kwa mwanasheria, Kongo imo tangu 2012 katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, na Sheria ya Pamoja ya OHADA kuhusu makampuni, iliyorekebishwa 2014, haiiachi kampuni inunue hisa zake yenyewe kwa hiari tu. Kuna mipaka, na idhini ya mkutano mkuu usio wa kawaida inahitajika. Sheria hiyohiyo inakataza kampuni kumkopesha mtu, kumtangulizia fedha au kumdhamini ili anunue hisa zake. Kwa hiyo ile njia nyepesi ya “chukueni hisa leo, mtakatwa mwaka ujao” ina hatari ya kisheria, na makato lazima yatangulie ununuzi. Hisa mpya haziwezi kutolewa chini ya thamani ya jina, na wanahisa wa zamani wanapaswa kuacha haki yao ya kununua kwanza. Mbele ya hayo yote iko Sheria ya Kazi ya 2002, inayoulinda mshahara dhidi ya makato yasiyo na msingi. Ridhaa ya mfanyakazi iandikwe, isainiwe, na iweze kuondolewa.

Kwa mhasibu, ahadi ya kununua inabadili jina la kitu chenyewe. Mfanyakazi akiwa na haki ya kurudisha hisa na kupewa fedha, mpango hauhesabiwi tena kuwa wa hisa. Ni deni. Hata kama mkataba hausemi hivyo, mazoea ya kampuni ya kuwalipa wote wanaoondoka yanatosha. Wafanyakazi 200 wenye hisa 21 kila mmoja wana hisa 4,200. Kwa bei ya 12,000, kampuni inadaiwa 50,400,000. Bei ikikadiriwa upya mwisho wa mwaka kuwa 15,000, deni ni 63,000,000, na ile tofauti ya 12,600,000 inakwenda kwenye gharama za mwaka huo. Kadiri kampuni inavyofanikiwa, ndivyo deni linavyokua na faida inavyoliwa. Mkurugenzi aliyeona mpango kama njia ya kupata mtaji bila benki atagundua kwamba amekopa kwa wafanyakazi wake, bila tarehe ya kulipa na bila kikomo cha kiasi.

Mabishano hapa ndipo yanapokuwa na maana, kwa sababu kila upande una haki. Bila ahadi ya kununua, mfanyakazi wa mji usio na soko amefungiwa fedha yake. Pakiwa na ahadi, kampuni imebeba deni ambalo siku mbaya, siku ambayo wengi wanataka kutoka, haitaliweza. Hoja ya mhasibu ndiyo yenye nguvu zaidi: ahadi itolewe, lakini iitwe deni tangu siku ya kwanza na itengewe fedha kila mwezi, kando ya fedha za kuendeshea kazi. Kampuni isiyoweza kutenga fedha hiyo haina mpango wa hisa. Ina makato ya mshahara tu.

Bei nayo hutoka wapi pasipo soko? Kijana anapendekeza bodi iipange. Mzee anacheka: bodi itapanga ya chini siku ya kununua kwake na ya juu siku ya kumuuzia. Njia inayokubalika ni fomula iliyoandikwa kwenye mkataba, kwa mfano mali halisi ya wanahisa iliyokaguliwa ikigawanywa kwa idadi ya hisa, ihesabiwe mara moja kwa mwaka na kuthibitishwa na mkaguzi wa nje. Fomula hiyo haitoi bei kamili. Inatoa bei ambayo hakuna upande unaoweza kuivuta gizani, na kwa mji kama Kindu hilo ni muhimu kuliko ukamilifu. Walio chini ya kampuni mama ya Nairobi wana bei ya kila siku, lakini wana tatizo lao: makato ni kwa franka za Kongo, hisa ni kwa shilingi za Kenya, na anayebeba tofauti ya ubadilishaji lazima atajwe. Katika hali hiyo, chini ya IFRS 2, kampuni tanzu ya Kongo huandika gharama ya hisa katika vitabu vyake ingawa aliyetoa hisa ni mama. Upande wa pili huandikwa kama mchango wa mama kwenye mtaji.

Mzee ana pendekezo lake, na si la mzaha. Madeni ya mishahara katika reli yanajulikana katika nyumba nyingi za Kindu. Kwa nini yasigeuzwe hisa? Mwanasheria anakiri kwamba mlango upo: sheria ya OHADA inaruhusu hisa mpya kulipiwa kwa kufuta deni, mradi deni hilo ni la hakika, kiasi chake kinajulikana na muda wake wa kulipwa umefika. Mshahara uliochelewa unatimiza yote matatu. Lakini Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kongo imeuridhia, unataka mshahara ulipwe kwa fedha halali. Mfanyakazi anaweza kuchagua kubadilisha. Hawezi kulazimishwa, na karatasi ya kusaini isiyo na mstari wa “sikubali” si ya kuchagua.

“Na nikikubali, napoteza nini?” mzee anauliza. Anapoteza mahali pake kwenye foleni. Kampuni ikifilisika, mshahara unaodaiwa una kipaumbele cha juu chini ya sheria ya OHADA ya ufilisi iliyorekebishwa 2015. Mwenye hisa analipwa baada ya benki, baada ya kodi, baada ya wauza mafuta na vipuri, kama kimebaki kitu. Kwa saini moja, anayedai miezi 30 ya mshahara anatoka mbele ya foleni na kwenda nyuma kabisa. Kwa kampuni yenye afya biashara hiyo inaweza kulipa. Kwa kampuni iliyoshindwa kulipa mshahara, kushindwa huko ndiko kunakoonyesha hisa zake zina thamani gani. Mzee anaondoa pendekezo.

Uendeshaji wa kila siku unabaki, na ndio unaoharibu mipango mingi kuliko bei au kanuni. Kila hisa iandikwe kwa jina la mwenyewe kwenye daftari la wanahisa. Tangu mageuzi ya 2014 uandikishaji kwenye akaunti ni lazima, karatasi ya hisa peke yake haitoshi. Kwa miaka mingi Wakongo wametumia kadi ya mpiga kura kama kitambulisho, na jina lililo kwenye kadi si lazima lifanane na lililo kwenye orodha ya mishahara: jina la baba liko mbele huku, nyuma kule, au limeandikwa kwa herufi nyingine. Msimamizi mwenye busara hushika namba ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kama ufunguo, huweka nakala ya kadi kwenye faili, na humpa kila mmoja taarifa ya mwaka yenye makato yake, hisa zake, bei ya mwaka na masalio.

Ni nani azishike hisa: mfanyakazi mmoja mmoja, au chombo cha pamoja? Kenya hutumia mfuko wa amana. Sheria ya Kongo haina chombo kinachofanana nao sawasawa. Kilicho karibu ni ushirika chini ya Sheria ya Pamoja ya OHADA ya 2010. Kijana anaupenda kwa sababu kura 200 zinakuwa sauti moja kwenye mkutano mkuu. Mzee anauogopa kwa sababu ameona vyama vingi ambavyo mwenyekiti ndiye chama. Suluhisho la mwanasheria ni ushirika wenye sehemu ya kila mtu iliyoandikwa kwa jina, hesabu zikikaguliwa pamoja na za kampuni, na mwenyekiti asiwe na saini ya pekee benki.

Swali la mwisho ni la kifo. Sheria ya Familia ya 1987 huwapa watoto robo tatu ya urithi, na robo inayobaki huenda kwa mwenzi, wazazi na ndugu wa marehemu. Hisa 21 zikigawanywa kwa watoto 6, mjane, mama mzazi na kaka wawili hutoa vipande visivyoandikika, na sheria ya makampuni huwataka wenye hisa ya pamoja wawakilishwe na mtu mmoja. Mkataba wa mpango uandikwe hivi: kampuni au ushirika hununua hisa za marehemu kwa bei ya fomula ya mwaka ule, ndani ya muda uliotajwa, na fedha hulipwa kwa warithi waliothibitishwa na mahakama, pamoja na masalio ya akaunti 427 hadi franka ya mwisho.